Moyo wa mama umefura kwa msiba. Ni ugonjwa wa kurithi huu?

BintiWete: Asalam aleikum. Mwezi uliopita mama, miaka 63, alikuwa barazani anachambua karafuu. Mtoto wa jirani akaja mbio kusema kaka yangu mimi kaanguka mkarafuuni. Hajaambiwa kama kesha kufa, akashika kifua, jasho linamtoka, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, bado kiganjani.

Kipimo cha umeme wa moyo kikaonesha kama shambulio la moyo. Tukampeleka Dar, wakampitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni: mishipa safi, hakuna palipoziba. Ila eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonesha chumba cha kushoto kimefura huku chini kama puto, juu kimebana. Takotsubo, daktari akasema, jina la mtungi wa Kijapani wa kunasia pweza. Nilicheka na msiba wangu, maana mama kachokoa pweza miaka yote na mtungi hajauona.

Linaloninyima usingizi ni hili: mama mdogo naye, siku alipoletewa talaka, kifua kilimbana vile vile. Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akapoa, hakupimwa. Ni damu ya ukoo? Mie na dada zangu je?

NesiMstaafu: Pole, Mungu amrehemu kaka. Ugonjwa huu Wajapani ndio walioueleza mwanzo, mwaka 1990. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi waliokoma hedhi. Huzuni au hofu, na mara chache hata furaha kubwa, humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, nyingi mwilini, musuli wa moyo ukazimia. Mara nyingi moyo hurudi baada ya wiki chache, lakini siku za mwanzo unaweza kuua, kwa hiyo mlifanya vyema kukimbia.

Kurithi: ziko familia zilizoandikwa na watafiti kuwa waliupata pamoja, mama na binti, dada na dada. Lakini jeni moja la kubebeshwa lawama halijapatikana. Huenda ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Hakuna kipimo cha damu cha kukwambia wewe utaupata. Mama mdogo na apimwe, ila eko ikitoka safi leo haisemi kitu juu ya siku ile, moyo ukishapona mara nyingi hauachi alama ya kuonekana kwenye eko.

Mzee_wa_Mkoani: Huku wangesema kapandwa na shetani.

NesiMstaafu: Kombe sina ugomvi nalo, mzee. Anywe njiani kuelekea hospitali.

BintiWete: Shukran. Na sasa mama tumfiche habari mbaya? Dada amekwisha kumficha simu.

NesiMstaafu: Mrudishieni. Akisikia sokoni peke yake ndiyo vibaya zaidi. Aambiwe taratibu, amekaa, na mtu pembeni. Dawa zake asiziache mpaka daktari aseme, maana ugonjwa unaweza kurudi. Na wewe kifua kikikubana, usiseme "ni takotsubo ya ukoo" ukalala. Nenda, huwezi kuutofautisha na shambulio la kweli ukiwa nyumbani.

BintiWete: Simu nimemrudishia. Mama mdogo kakataa kwenda, anasema siku ile zilikuwa hasira tu. Nitajaribu tena Jumapili, akija kuchukua makonyo.