Bega: daktari anataka kutoboa mfupa ndipo ashone kano. Imekaaje hii?

Mzee wa Brashi
Wakuu, heshima zenu. Mimi ni fundi rangi, miaka 54. Kano ya juu ya bega la kulia imeng'oka pale inaposhika mfupa, na MRI inaonyesha pengo la sentimita 3. Shati lenyewe sasa naanza kuvalia mkono mbovu. Daktari anasema ataingia na kamera, ila kabla ya kushona ataukwangua mfupa na kuutoboa vitundu. Kilichochanika ni kano, sasa mfupa umekosa nini?

Nesi wa Thieta
Mkuu, ukuta unaoteleza unaupaka rangi hivyo hivyo? Si unapiga msasa kwanza! Uzi hauponyi, unashikilia tu. Kano inatakiwa ijishike yenyewe kwenye mfupa, na pale damu ni haba. Vitundu vinautoa uboho, wenye chembe za kujenga upya. Nimekaa mbele ya ile skrini mara nyingi: wakifunga maji ya pampu, unaona damu na vitone vya mafuta vikichuruzika kwenye mfupa. Hapo daktari ndo anatulia.

Si muujiza lakini, tafiti zinapishana. Mimi ningeuliza zaidi kuhusu nanga, vile visikrubu vyenye nyuzi: safu moja au mbili? Mbili zinaikandamiza kano kwenye eneo pana. Ila kano iliyosinyaa isilazimishwe. Ikishonwa huku imevutika sana, inachanika tena.

Bega Bovu
Mimi nilishonwa vizuri, nikaharibu mwenyewe. Wiki ya tatu maumivu yamepoa, nikavua mkanda wa kuning'inizia mkono nikanyanyua ndoo. Tap! Nikarudi mezani. Safari ya pili wakaongeza kiraka cha kolajeni, ile protini inayojenga kano, juu ya kano. Na daktari aliniuliza habari za sigara kabla hata hajagusa bega. Unavuta?

Mzee wa Brashi
Nne kwa siku. Hilo sikumwambia.

Nesi wa Thieta
Kamwambie kesho! Nikotini inabana vile vimishipa vya damu tunavyovitegemea. Na sukari upime. Mkanda ni wiki 4 hadi 6, mazoezi ya nguvu kwa kawaida si kabla ya wiki 12. Dari na rola, mbali zaidi ya hapo.

Mzee wa Brashi
Basi dari zote nampa kijana wangu. Mimi nitakoroga rangi kwa kushoto.