Kuchomelea bomba (6G), AC au umeme: ipi inalipa kwa kijana asiye na digrii?

Mzizima_B:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, matokeo hayamfikishi chuo kikuu wala hataki kurudia mtihani. Yupo gereji ya mageti na madirisha, mwaka wa pili sasa, mkono wake unasifika. Watu wanamwambia akipata "cheti cha 6G" atalipwa kama injinia. Wengine wanasema aachane na moto, aingie kwenye AC. Naomba wenye kuijua kazi mnieleze: 6G ni nini hasa, inapimwaje, na je, lazima aanze upya VETA, chuo cha ufundi stadi?

Chuma_Hakilali:
Mkuu, geti likiachia jointi linarudishwa kwa fundi, linapigwa tena, yameisha. Bomba la mvuke likiachia jointi watu wanaungua na kiwanda kinasimama. Tofauti ya malipo inaanzia hapo, na ndiyo sababu mtu wa bomba anapimwa na wa geti hapimwi.

6G ni mkao. Bomba linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka. G maana yake ni jointi ya kuunganisha ncha kwa ncha, kingo zimechongwa. Kwa kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) Sehemu ya IX, ukifaulu mkao huo unakubalika kwa mikao mingine yote ya jointi hiyo.

Ukubwa wa bomba la mtihani nao una maana, na vijana wengi hawauulizi. Ukipimwa kwenye bomba la inchi 6 unaruhusiwa kuanzia kipenyo cha nje cha mm 73 kwenda juu, kwa hiyo bomba dogo la boila hulishiki. Ukipimwa kwenye la inchi 2 (mm 60.3 kwa nje) unaruhusiwa kuanzia mm 25. Unene wa weldi unahesabiwa mara mbili ya ule uliopimwa: bomba la inchi 2 lenye ukuta wa mm 11 linakupa hadi mm 22. Kwa kijana anayeanza, inchi 2 nene ni bora kuliko inchi 6 nyembamba.

Maandalizi ndiyo nusu ya mtihani. Kingo zinachongwa nyuzi 37.5 kila upande, unaacha ukingo bapa wa mm 1 hadi 1.5, na pengo la karibu mm 3. Ng'arisha chuma ndani na nje, angalau mm 25 kutoka ukingoni. Shika sehemu nne kwa weldi fupi za kushikiza, kisha usage ncha za kila kishikizo ziwe nyembamba kama ulimi. Kishikizo kinene ukipita juu yake hakiyeyuki, picha ya X-ray inaonyesha mstari mweusi, umeanguka.

Mshono wa kwanza wa ndani, tunaouita ruti, siku hizi mara nyingi unapigwa kwa TIG, yaani ncha ya tangsteni isiyoyeyuka inatoa moto, waya unausukuma kwa mkono mwingine, na gesi ya agoni inakinga: tangsteni ya mm 2.4, ampea 90 hadi 110, agoni lita 8 hadi 12 kwa dakika. Unaanzia chini, unapanda. Kujaza na kufunika ni rodi za E7018: za mm 2.5 kwa ampea 70 hadi 100, za mm 3.2 kwa 100 hadi 130 au zaidi kidogo. Fundi wa mageti amezoea E6013, ambayo inasamehe makosa mengi. E7018 haisamehe ukiinua mkono: urefu wa cheche (umbali wa ncha ya rodi na chuma) ukizidi unene wa rodi, vitundu vya hewa vinajaa.

Wanaoanguka huangukia wapi? Chini ya bomba, ruti inanyonywa na kuingia ndani kwa sababu mtu kaogopa kusukuma waya. Upande wa juu wa mshono, kingo zinaliwa, maana chuma kilichoyeyuka kinashuka upande wa chini na kuacha mfereji. Halafu pale anapobadilisha rodi, anaanza bila kusaga shimo aliloliacha. Doa jeupe kwenye picha ni tangsteni iliyogusa chuma ikavunjikia humo.

Na jambo dogo la lugha: ripoti ikisema kasoro iko "saa 6", wanasoma namba 6 ya uso wa saa, yaani chini kabisa. Kuna fundi anaelewa saa sita mchana, mshale ukiwa juu kwenye 12, anakwenda kufukua juu, jointi nzima inaharibika.

Sasa hicho "cheti cha 6G" anachoambiwa. Chini ya ASME sifa ya mchomeleaji inawekwa na kampuni inayomtumia, kwa utaratibu wao wa kuchomelea ulioandikwa. Ukihamia kampuni nyingine watakupima tena. Usipoitumia njia hiyo ya kuchomelea kwa miezi 6, sifa inakufa. Kwa hiyo karatasi ya kununua haina kazi yoyote langoni. Anayekuuzia cheti bila kukukatia bomba, kimbia.

Mzizima_B:
Asante sana mkuu, nimechapisha nimpelekee. Ila X-ray hatuna. Atajuaje kama yuko tayari kupimwa? Na hela yenyewe inahesabiwaje, kwa siku au kwa kazi?

Chuma_Hakilali:
Apime kwa kukunja, hiyo inawezekana gereji yoyote yenye jeki ya haidroliki. Baada ya kuchomelea, akate vipande vinne kutoka pande nne za bomba, upana wa kidole kimoja na nusu. Asage kofia (mshono wa mwisho wa juu) na ruti ya ndani hadi ziwe sawa na chuma, na alama za grinda zilale kwa urefu wa kipande, zisikate mshono. Mkwaruzo unaokata mshono ndio utakaopasuka, atadhani weldi mbovu. Kisha vipande viwili avikunje ruti ikiwa nje, viwili kofia ikiwa nje, hadi viwe kama U. Chuma cha kukunjia kiwe duara lenye kipenyo mara 4 ya unene wa kipande: kipande cha mm 10, duara la mm 40. Ufa wowote unaozidi mm 3 ni kufeli. Akipitisha vinne vyote kwenye mabomba matano mfululizo, aende kupimwa. Akipitisha leo akafeli kesho, bado.

Gharama apunguze kwa kukata bomba vipande vya sm 10, na akimaliza akate mshono, achonge kingo upya, atumie tena. Na E7018 zitunzwe. Pwani huku rodi ikikaa wazi zaidi ya saa 4 imeshavuta unyevu, nao unaleta nyufa ambazo hutaziona siku hiyo. Kwenye oveni ya rodi ni nyuzi 120 hivi. Zilizolowa maji kabisa tupa.

Malipo: kuna ya siku, na kuna ya "inchi-dia". Jointi moja ya bomba la inchi 6 ni inchi-dia 6, kwa hiyo ukipiga nne kwa siku ni 24, unazidisha kwa bei mliyokubaliana. Kabla ya kusaini uliza vitu viwili: jointi ikifeli picha nani analipa marekebisho, na fita wa kukupangia bomba analipwa na nani. Hapo ndipo watu wanatoka na hela nusu.

Kazi ziko wapi? Kila mtu anataja bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443. Ujenzi wa bomba una mwisho wake. Matengenezo hayana mwisho: viwanda vya saruji, mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo, na viwanda vya sukari, ambavyo wakati wa masika husimama kusaga miwa na kufungua maboila. Kijana mwenye sifa ya inchi 2 apeleke maombi kabla ya Machi.

Baridi_Kali:
Naongezea upande wa AC, maana haujatajwa. Kipato cha fundi wa AC hakiko kwenye kufunga, hapo ushindani ni mkubwa na bei imeshuka. Kiko kwenye mikataba ya matengenezo: hoteli, benki, vyumba vya baridi vya samaki na dawa. Hapo wanataka mtu anayepima.

Kifaa kinachotenganisha mafundi ni pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote kwenye paipu) pamoja na geji ya maikroni, inayoonyesha kiasi kilichobaki. Wengi wanafukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo kwenye paipu. Unyevu unabaki, unachanganyika na oili ya kompresa, inatengeneza asidi, na baadaye kompresa inaungua na mteja analaumu umeme. Vuta hadi maikroni 500, funga valvu, subiri dakika 10. Ikipanda ikatulia ni unyevu, ikipanda bila kusimama kuna tundu. Tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni. Kamwe usitumie oksijeni, ikikutana na oili inalipuka.

Sasa gesi zenyewe za AC. R410A iingizwe ikiwa kimiminika, kwa mizani, kwa sababu ni mchanganyiko. R32 inashika moto, usilehemu paipu ikiwa na gesi ndani. R22 inaondolewa, kwa nchi zetu mwisho wake ni 2030, asijenge biashara juu yake.

Kwa huyo mdogo wako mwenye mkono wa moto, abaki kwenye bomba.

Koleo_na_Waya:
Kuhusu VETA: halazimiki kuanza sifuri. Kuna utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi aliojifunzia kazini, anafanya kazi mbele ya wapimaji, anapewa cheti. Aende ofisi ya kanda na picha za kazi zake na barua ya fundi wake. Cheti hicho hakimfanyi kuwa wa 6G, ila matangazo mengi ya ajira yanakitaka kabla hawajakuita kwenye mtihani.

Umeme kama anaufikiria, ajue kuna leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Bila leseni utatandaza nyaya nyumba nzima, halafu fomu ya kuombea umeme TANESCO inasainiwa na mwingine anayekukata chako.

Mzizima_B:
Nimeelewa wakuu. Kesho anatafuta bomba la inchi 2 nene kwa wauza skrapa. Aangalie nini asije akauziwa la maji?

Chuma_Hakilali:
Abebe kalipa, kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo na unene. Nje mm 60, ukuta mm 8.7 au 11. La maji ukuta wake ni kama mm 3 hadi 4. Likiwa na rangi ya fedha ya zinki aliache, moshi wake unaleta homa ya usiku na mshono unajaa vitundu.