Tupeane uzoefu: smoki ya kujipaka nyumbani, ikakaa hadi mwisho wa shughuli kwenye joto letu la Mtwara na Lindi

Binti Shangani
Assalaam aleikum na habari za jioni wapendwa. Baada ya wiki mbili tuna harusi nyumbani, hapa Shangani, nami nimekabidhiwa macho ya wanawake sita. Bi harusi ana mpambaji wake. Hao sita ni dada, mawifi na shangazi mmoja, na wote wanataka smoki, yaani macho ya moshi: weusi umekolea kwenye mizizi ya kope, kisha unafifia kadiri unavyopanda, usione umeishia wapi.

Nianze na yangu. Desemba 2017 nilijipaka smoki kwa mara ya kwanza, naenda sendofu ya rafiki yangu. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili jioni nimependeza kweli. Mnaijua kaskazi ya hapa, hata usiku hewa ina majimaji. Saa tatu, wakati wa kulishana keki, shangazi yangu alinivuta pembeni, akalowesha ncha ya leso yake kwa maji ya chupa, akanifuta chini ya macho bila kusema neno. Weusi ulikuwa umeshuka hadi mashavuni, na juu kwenye mkunjo wa jicho aishedo yote, ile rangi ya kupaka juu ya jicho, ilikuwa imejikusanya ikawa mstari mmoja mnene kama uzi wa kushonea magunia. Nilirudi nyumbani nikalia.

Kosa lilikuwa mafuta. Asubuhi nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando uso mzima hadi juu ya macho, kama ninavyofanya kila siku. Wanja wa penseli wenyewe ni nta na mafuta. Ukiuweka kwenye ngozi yenye mafuta, joto likija unayeyuka na kuteleza. Siku hizi ngozi ya jicho naiacha kavu tangu asubuhi. Nikianza, naifuta kwa tishu, napaka konsila (krimu ya kuficha madoa) kidogo sana kwa ncha ya kidole, naigongagonga mpaka isinate, kisha poda. Hapo ndipo wanja unaingia, na kila wanja nilioufifisha naufunika kwa aishedo nyeusi ya unga ili mafuta yake yashikwe. Tabaka jembamba, kisha jingine jembamba. Ukiweka zito mara moja, utalikuta kwenye mkunjo saa tatu usiku.

Jambo jingine, macho kwanza, faundesheni, yaani krimu ya rangi ya uso mzima, baadaye. Aishedo nyeusi inadondosha unga, na ukidondokea kwenye faundesheni iliyokwisha pakwa, kuufuta ni kuuchafua uso wote.

Sasa naomba yenu. Nisimulieni yaliyowapata wenyewe, ya video nimeyatazama mengi.

Mama Wawili wa Chikongola
Wa aleikum salaam mdogo wangu. Mimi ni mweusi wa kung'aa, na kwa miaka mingi kila nikipaka smoki macho yanakuwa kama yamepakwa jivu la mkaa. Yanapauka na kunizeesha. Mpambaji mmoja aliniambia ngozi yangu haifai kwa smoki, nikamwamini karibu miaka minne.

Kumbe ngozi haina kosa, kosa liko chini ya aishedo. Alikuwa ananipaka konsila nyeupe kuliko mimi, kisha nyeusi juu yake. Nyeusi ikichanganyika na kitu cheupe inatoa kijivu, mtoto wa chekechea anajua hilo akishika rangi. Nilipoanza kutumia konsila ya rangi yangu hasa, jivu likapotea siku hiyohiyo.

Pili ni rangi ya kati. Wengi wanaruka kutoka ngozi hadi nyeusi. Sisi weusi tunahitaji rangi ya moto katikati, ya tofali au ya kutu, isiyong'aa, ipite kwenye mkunjo kwanza. Kwenye sahani inatisha, utadhani ni machungwa. Ukiisambaza kwenye ngozi yetu inakuwa kivuli tu, na nyeusi inapata mahali pa kufifia. Hao mawifi ukiwapaka kahawia nyepesi ya kopo la mzungu haitaonekana kabisa.

Nyeusi tupu pia si lazima. Zambarau iliyoiva kama zambarau za sokoni, au bluu ya usiku, kwa ngozi nyeusi inakuwa moshi mzuri kuliko nyeusi yenyewe. Mpakie shangazi, utaniambia.

Nyota ya Kilwa
Mimi naongeza moja tu. Selotepu. Bandika kutoka pembe ya nje ya jicho kuelekea mwisho wa nyusi, paka, kisha bandua taratibu. Ibandike kwanza mgongoni mwa mkono mara mbili tatu ili gundi ipungue, maana nilishawahi kubandua na ngozi.

Mjukuu wa Mikindani
Uzi huu umenikumbusha marehemu bibi yangu. Sijui kama alipata kusikia neno smoki, lakini alikuwa nayo kila Idi. Alikuwa na kichupa kidogo cha wanja wa manga, wa unga, na kijiti chembamba kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Alikaa barazani akielekea baharini, apate mwanga. Anachovya kijiti, anakigonga mdomoni mwa kichupa ili unga wa ziada uanguke, anakilaza katikati ya kope za juu na za chini, anafumba jicho, anakivuta kwenda nje. Mara moja tu. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka mpaangalie, alikuwa anafumba macho kwa nguvu na kuyafumbua, mara tatu nne. Wanja unajisambaza wenyewe kwenye mizizi ya kope. Kisha kidole cha pete kinapita juu, kidogo, weusi unapanda kama moshi wa ubani.

Nilijifunza kwake mikono kabla ya kujua brashi ni nini. Hadi leo smoki yangu inaanzia hapo kwenye mizizi, na ninafumba na kufumbua kama yeye. Nina swali kwa wenye ujuzi: kile kichupa chake ninacho bado. Naweza kukitumia?

Nesi wa Lindi
Pole kwa bibi, na asante kwa simulizi. Mdogo wangu, kiweke kichupa kama kumbukumbu, usikitie machoni. Wanja wa unga wa asili, mwingi wake, umesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi. Ndiyo sababu FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijauruhusu kabisa katika vipodozi. Risasi inaingia mwilini kidogokidogo na kukaa, na kwa watoto inaathiri ubongo unaokua. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kliniki bado naona vichanga vya siku arobaini wamepakwa wanja machoni na kwenye nyusi. Wanaowapaka wanafanya kwa mapenzi, najua, hata mimi nilipakwa. Nunueni wanja wenye jina la kiwanda na orodha ya vilivyomo. Tangu 2019 vipodozi nchini vipo chini ya TBS, Shirika la Viwango.

Binti Shangani, nina neno na wewe. Watu sita, penseli moja? Mnakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalivyotangazwa nchini? Nilihudumia familia iliyokuja wanne kwa siku moja, mama na mabinti, na wote walikuwa wametumia maskara moja, ile rangi ya kupaka kope, kwenye shughuli. Ugonjwa ule unakwenda kwa mikono na kwa vitu vinavyogusa jicho. Kila mtu awe na penseli yake na maskara yake. Aishedo ya unga kwaruza kwa kijiko safi, mwagia kwenye kisahani, kila mtu na brashi yake au na kijiti chake cha pamba. Na maskara ikishapita miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupe, hata kama imebaki nusu.

Tena, msipende sana kuujaza wanja ndani kabisa, kwenye ukingo unaogusa maji ya jicho. Pale pana vitundu vidogo vinavyotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke. Vikiziba, jicho linawasha na kutoa machozi, na machozi ndiyo yanayoshusha huo weusi mashavuni.

Binti Shangani
Dada Nesi, shikamoo. Nilikuwa na penseli mbili kwa watu sita. Nimekusikia, kesho naenda sokoni.

Nesi wa Lindi
Marahaba mdogo wangu. Mungu akubariki.

Picha Masasi
Mimi ni mwanaume, napiga picha za harusi Masasi na Nachingwea. Sijawahi kujipaka, lakini nyuso zinapita mbele ya kamera yangu kila wiki. Flashi inakula rangi. Smoki inayoonekana kali kwenye kioo cha chumbani inatoka ya wastani kwenye picha, kwa hiyo msiogope kukoleza kidogo kwenye mizizi ya kope. Poda nyeupe ya chini ya macho ndiyo mbaya. Kuna zile poda laini sana zinazojidai hazina rangi. Chumbani hazionekani, flashi ikipiga zinarudisha mwanga na dada anatoka na miduara miwili myeupe kama miwani. Nilifika mahali nikakaa usiku kucha nikisafisha picha za meza kuu, moja baada ya nyingine. Kabla hamjatoka, mtu awapige picha moja kwa simu, na flashi, gizani.

Dada wa Ruangwa
Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kuja Lindi, mzigo wangu ulikuwa ndani ya basi lililokwama upande wa pili. Brashi zangu, aishedo, kila kitu nilichoagiza kwa ajili ya kumpamba mdogo wangu. Shughuli haikuahirishwa. Nilikuwa na penseli moja nyeusi, aishedo ya kahawia iliyopasuka, pamba, na vidole.

Nikachonga penseli, nikachora mstari mnene, hata haukuwa umenyooka, karibu kabisa na kope. Kabla haujakauka nikausugua kwa kijiti cha pamba, kwenda na kurudi, hatua ndogondogo, nikiupandisha. Hapa pana haraka. Penseli nyingi za siku hizi zikishakauka hazisogei tena, kwa hiyo jicho moja hadi mwisho, ndipo la pili. Ukichora yote mawili kwanza, la pili litakukatalia. Kisha kahawia iliyopasuka kwa kidole cha pete, kile hakina nguvu nyingi, nikagonga kuanzia ukingo wa weusi kwenda juu. Nilikuwa nikisimama hatua mbili nyuma na kumtazama mdogo wangu akiwa amefumbua macho, si amefumba. Chini ya jicho nikapitisha kilichobaki tu kwenye kijiti.

Mzigo ulifika baada ya shughuli. Brashi nilifurahi kuzipata, lakini kijiti cha pamba sijakiacha.

Mwali wa Newala
Shikamooni. Huku juu Newala kuna ubaridi wetu, jasho si tatizo langu sana. Tatizo langu ngozi ya juu ya jicho inashuka, nikifumbua macho mkunjo haupo. Napaka robo saa, nikitazama mbele hakuna kinachoonekana.

Mama Wawili wa Chikongola
Marahaba mwanangu. Dada wa Ruangwa ameshakujibu bila kujua. Paka ukiwa umefumbua macho, unatazama kioo usawa wa uso. Rangi ya kati usiiweke kwenye mkunjo wako wa kweli, ipandishe juu kidogo, pale ambapo ngozi haiifichi. Na weusi wako mwingi uwe pembe ya nje, ukivutwa kuelekea juu. Kope za bandia ndefu sana usiweke, zinagusa ngozi na kuifanya ionekane nzito zaidi.

Nyota ya Kilwa
Na wanaoswali je? Mimi maskara isiyopitisha maji ilinipa shida, inazuia maji ya udhu yasifike. Sasa naswali Magharibi kwanza, napaka baada ya hapo, na najitahidi kulinda udhu hadi Isha. Nikishindwa nafuta yote.

Mama Wawili wa Chikongola
Mimi pia. Kufuta ni mafuta ya nazi kwenye pamba, iache juu ya jicho ukihesabu hadi thelathini, kisha vuta chini mara moja. Inang'oa hata ile isiyopitisha maji. Halafu uoshe kwa sabuni hadi utelezi uishe, ndipo udhu.

Binti Shangani
Nimerudi, harusi ilikuwa jana. Penseli sita, visahani sita, vijiti vya pamba pakiti mbili. Umeme ulikatika saa kumi na moja tukiwa tumemaliza watatu, basi tukahamia ukumbini dirishani, na kwa kweli mwanga ule ulinisaidia, nikaona mahali nilipokuwa nimekoleza jicho la kushoto la wifi kuliko la kulia.

Shangazi ni yuleyule aliyenifuta kwa leso mwaka ule. Nilimpaka zambarau iliyoiva, tofali kwenye mkunjo, weusi kidogo kwenye mizizi, nikamwambia afumbe kwa nguvu na kufumbua mara tatu, kama bibi wa Mikindani. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akaniuliza kama naweza kuja kumpaka na Idi. Saa tano usiku nilimwendea na tishu mkononi, nikamwangalia chini ya macho. Palikuwa pakavu.