Naomba ushauri: p75 inaiokoa seli ya neva au inaiua?

Wakuu shikamooni, nipo Mbeya nasoma udaktari mwaka wa pili, nimekwama kwenye seli za neva. Ile NGF (protini inayokuza seli za neva) iliyowapa Levi-Montalcini na Cohen tuzo ya Nobel 1986 nimeielewa, ikishika risepta (kipokeo cha kwenye seli) ya TrkA inawasha PI3K na Akt, vimeng'enya vya kuilinda seli, seli inaishi, hapo freshi kabisa. Balaa ni p75, risepta nyingine ya NGF, maana ikikaa na TrkA inasaidia kuidaka NGF vizuri, ila ikiungana na sortilini (protini nyingine ya kwenye seli) halafu ikaja proNGF (NGF ambayo bado haijakatwa) seli inajiua yenyewe, sasa huyu ni ndugu au mchawi?

Nimechora michoro, nimeuliza wenzangu hosteli, kila mtu na lake. Naombeni mnisaidie, kinachoamua ni wingi wa TrkA kwenye seli au ni proNGF kutokukatwa? Na JNK (kimeng'enya kinachopeleka ishara ndani ya seli) inaingilia wapi?