Naombeni ushauri: kaburi la Vlatko Vuković kule Boljuni

Salaam wanajamvi. Wenye kujua historia ya Balkani ya zama za kati, naombeni mnisaidie.

Ninaandaa makala fupi kuhusu Vlatko Vuković, kamanda wa Mfalme Tvrtko I wa Bosnia. Ndiye aliyewachapa Waosmani pale Bileća mwaka 1388, na mwaka uliofuata akaongoza kikosi cha Wabosnia vitani Kosovo. Alifariki 1392, nafasi yake ikachukuliwa na Sandalj Hranić, mtoto wa ndugu yake. Hadi hapo sina shida.

Kazi ipo kwenye kaburi. Boljuni, karibu na Stolac huko Herzegovina, kuna jiwe kubwa la chokaa, lile wanaloliita stećak, lenye jina Vlatko Vuković kwa herufi za Kisirili za Kibosnia, pamoja na jina la mwandishi wake, Semorad. Wengi wanasema ni la kamanda wetu. Sawa, lakini mawe mengi ya aina hii hayana mwaka, na majina watu hurithishana. Nimepitia maelezo ya UNESCO, iliyoiingiza Boljuni kwenye urithi wa dunia mwaka 2016, na nasaba ya ukoo wake Vlatko, yaani ukoo wa Kosača. Bado sijaridhika.

Naomba kujua: katika kuoanisha jina la kwenye jiwe na mtu wa kwenye nyaraka, kipi kina uzito zaidi, umbo la herufi au mipaka ya ardhi ya ukoo? Na je, niandike "alizikwa Boljuni" au "inaaminika alizikwa Boljuni"?

Mwenye picha ya karibu ya maandishi yale, tafadhali anitumie.