Mwenzangu ofisini ananihubiria kila siku, nifanyeje?

Wakuu, nipo ofisi ya kupeleka wageni mbugani hapa Arusha, dada wa meza ya pembeni mlokole balaa, asubuhi mapambio kwenye simu sauti juu halafu ananiuliza nitaokoka lini, mi Muislamu na sitaki ugomvi maana Ramadhani huwa anatuletea hadi tende za kufuturu, nimwambieje?

— Mvute pembeni muda wa chai, usimseme kwenye grupu atajiona anateswa kwa ajili ya imani 😂

— Katiba ibara ya 19 inampa uhuru wa kutangaza dini ila hiyohiyo inasema ni hiari ya mtu. Akizidi nenda kwa afisa utumishi.

— Nunua hedifoni mkuu. Huku kwetu Moshi bosi ndo anaongoza maombi kila Jumatatu, sasa mi nimshtaki kwa nani?