KIGOMA: Napiga Kalemie, nakatwa hela simu ikiwa bado inaita! Kampuni za simu, dakika zetu mnamkabidhi nani?

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bando kupanda bei, hayo ni mambo mawili tofauti. Hapa nazungumzia simu ya sauti, ile ya kubonyeza namba na kuweka sikioni, kutoka huku mwisho wa reli kwenda nje ya nchi.

Biashara yangu iko Kibirizi. Napakia saruji, unga na sabuni kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na boti zikirudi zinaniletea mawese na vitenge. Boti haiondoki mpaka mtu wa ng'ambo aseme mzigo uliopita umeshushwa, hela iko kwa nani, na forodha ya kule leo wameamkaje. Yote hayo ni simu, na simu yenyewe sasa ni kero tupu.

Iko hivi. Napiga namba ya +243, yaani ya Kongo. Kimya. Kimya kirefu mpaka unatoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Halafu mlio unaanza, na ukifika wa pili tu, kwenye kioo sekunde zinaanza kutembea. Mtu hajapokea! Bado inaita! Salio linaliwa huku nasikiliza mlio. Papa, mtu wangu wa Kalemie, naye kupokea kwenyewe ni bahati, maana kwake haionekani namba yangu ya 255. Mara inatokea namba ya Ulaya, mara namba ya palepale Kongo asiyoijua, na mtu mwenye akili hapokei namba za ajabu ajabu akiwa na hela za watu mfukoni.

Akipokea ndiyo vituko vinaanza. "Haloo? Haloo Papa? Unanipata?" Yeye ananisikia, mimi simsikii. Nakata napiga tena: sasa namsikia yeye, hanisikii. Siku tukisikilizana wote wawili, sauti inachelewa, tunagongana maneno, kila mmoja anamwambia mwenzake "sema wewe", na mwanzo wa kila neno umeliwa. Imeshatokea nikaagizwa mifuko sitini mimi nikasikia sabini. Ile kumi ya ziada ililala mwaloni upande wa pili, mvua ikainyeshea. Saruji ikishalowa maji mnajua inakuwa nini.

Huduma kwa wateja nimepiga mpaka wimbo wao wa kusubiria nimeukariri. Majibu ni yaleyale: mteja zima simu, washa. Toa laini, rudisha. Mteja uko eneo lenye mtandao? Dada yangu, mnara ninauona kwa macho kutoka hapa nilipokaa!

Msinione mfanyabiashara wa mwaloni mkadhani naongea kwa hasira tu. Kabla ya kuingia kwenye saruji nilikaa miaka chumba cha mitambo ya simu, zama za laini za mezani. Nataka niwaeleze sauti yako inapitia wapi, ili siku nyingine wakikwambia "toa laini rudisha" ujue unafanywa bwege.

Zamani simu moja ya masafa marefu ilitengewa njia yake peke yake. Sauti ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Laini moja ya megabiti 2.048 ilibeba simu 30, basi. Ukinyamaza, njia yako ilibaki yako, tupu, hakuna wa kuiingia. Ghali, ndiyo, lakini sauti ilifika kama ilivyotoka.

Kisha zikaja pakiti. Sauti inakatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, vinafungwa na kutupwa kwenye mtandao uleule unaobeba barua pepe na video. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec walitoa programu ya kupigiana simu kompyuta kwa kompyuta, watu wakaiona mchezo wa watoto. Miaka miwili tu baadaye Tom Evslin akaanzisha ITXC kule New Jersey, kazi yake ikiwa kubeba dakika za nje za makampuni ya simu juu ya intaneti. Si za mtu binafsi, za makampuni yenyewe! Mwaka huohuo FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani, wakaweka ukomo wa kile ambacho kampuni zao zingelipa kwa kila dakika ili simu ifikishwe kwa mtu wa nchi ya nje, kwa nchi maskini kabisa senti 23 za dola. Bei zilizokuwa juu kwa miongo zikazidi kushuka.

Na hapa nieleweke vizuri, maana najua kuna wataalamu watakuja kunirukia: sina ugomvi na pakiti. Ukipiga WhatsApp, hiyo ni sauti juu ya pakiti, na mara nyingi inasikika kuliko simu ninayolipia dakika. Nyaya za chini ya bahari nazo zipo, SEACOM imefika Dar 2009, EASSy ikafuata 2010, na mkongo wa taifa umeletwa mpaka huku kwetu. Mwanga ndani ya nyuzi hizo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata simu yangu ikipelekwa kutembezwa Ulaya ndipo irudi Kongo, kilomita 20,000 ni sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio halishituki. (Kalemie yenyewe haifiki kilomita 150 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, lakini tuyaache.)

Shida ni jinsi wanavyoikamua hiyo sauti na mikono inayopitia.

Ukamuaji kwanza. Ukiweka ile sauti kamili ya kilobiti 64 kwenye pakiti, haipungui, inaongezeka! Kila pakiti lazima ibebe maelezo ya safari, baiti 40, na pakiti ni 50 kwa sekunde, kwa hiyo simu moja inakula kilobiti 80. Sasa mchuuzi wa dakika, yule anayebebea kampuni yako simu za nje, anapataje faida? Anatumia kodeki, yaani mtindo wa kubana sauti, iitwayo G.729 inayobana sauti mpaka kilobiti 8. Ukijumlisha maelezo ya safari inafika 24. Ndani ya pakiti hiyo sauti yako ni baiti 20 tu, maelezo 40. Mzigo mdogo kuliko karatasi zake!

G.729 ikitumika mara moja, safi, huwezi kulalamika sana. Lakini simu ya mkononi tayari imebana sauti kabla haijatoka kwenye mnara, ule mfumo wa kwanza wa GSM ulikuwa kilobiti 13. Inakunjuliwa, inabanwa upya kwa njia ya nje, mchuuzi wa pili anaikunjua na kuibana tena kwa mtindo wake, na kule mwisho inabanwa tena kuingia kwenye simu ya Papa. Kila kubana kunaondoa kitu kisichorudi. Sitini na sabini zinafanana kwa sababu hiyo.

Bado kuna ujanja wa kuzima pakiti mtu akinyamaza. Kwenye maongezi kila mmoja anaongea chini ya nusu ya muda, kwa hiyo wakizima ukimya wanaokoa sana. Ukifanywa kwa ustadi husikii kitu, mtambo unakuwekea mvumo mdogo ujue laini ipo hai. Ukifanywa kihuni, mwenzako akivuta pumzi laini inakuwa kaburi, unauliza "upo?", na akianza kusema silabi ya kwanza inaliwa kabla mtambo haujaamka.

Kuchelewa je? Mwongozo wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ule wa G.114, unasema kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 kama unataka maongezi ya kawaida, na mtandao usipangwe kabisa kupita 400. Simu ikipitishwa kwenye setilaiti ya angani kilomita 36,000, kupanda na kushuka peke yake kunakula robo sekunde. Weka juu yake muda wa kusubiri pakiti zilizochelewa ili zipangwe, weka kubana na kukunjua. Ndiyo maana tunagongana maneno. Na hiyo ya kusikia upande mmoja ni kwa sababu ishara za kuunganisha simu zina safari yake na sauti ina safari yake. Ishara zimefika, sauti ya upande mmoja imezuiwa kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao wa mtu fulani njiani, na mita inahesabu kama kawaida.

Mikono sasa. Mtandao wako hauna mkataba wa moja kwa moja na kila mtandao wa dunia. Una kompyuta yenye orodha ya wachuuzi wa dakika, na bei zao zinabadilika kila mara. Ukibonyeza +243, kompyuta inachagua wa bei rahisi. Huyo naye ana orodha yake, anamuuzia mwingine, mwingine anamuuzia mwingine. Njia nzuri ipo, ya moja kwa moja, namba inaonekana, sauti safi. Ni ghali kidogo. Wewe bei uliyolipa ni ya hiyo nzuri, ulichopewa ni ya mwisho kwenye orodha. Ni sawa na mimi nikuuzie dumu la mawese ya lita 20, ndani nimeweka lita 12 na maji, halafu ukirudi nikuulize kama ulilitikisa vizuri.

Na sekunde zinazohesabiwa simu ikiita, huo ni wizi, sina neno jingine. Kwenye itifaki ya SIP inayounganisha simu hizi, ujumbe wa "inaita" una namba 180, na wa "imepokelewa" ni 200. Malipo yanaanzia kwenye 200. Mchuuzi mhuni katikati anarudisha 200 wakati mtu hajapokea, anakuchezea mlio aliourekodi, na mita inaanza. Akikusanya sekunde za maelfu ya watu kwa siku ana mtaji. Mtandao wako ukitaka kumkamata ni rahisi tu: simu zinazokwenda kwenye njia hiyo "zinapokelewa" kupita kawaida, na nyingi zinadumu sekunde chache. Takwimu wanazo. Hawaangalii kwa sababu na wao wanalipwa sekunde zilezile kutoka kwetu.

Ile namba ya Kongo anayoiona Papa nayo nikwambieni. Simu imeingia nchini kwao kama pakiti za intaneti, ikafika kwenye sanduku lenye laini nyingi za mitaani, likapiga kama simu ya ndani. Ada ya maingiliano ya kimataifa, ile ambayo mtandao wa kule hulipwa kwa kupokea simu ya nje, haikulipwa. Njia ya panya kamili, watu wa mpakani mnazijua. Kwetu TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walisimika mtambo wao wa kusimamia mawasiliano ya simu 2013, na kazi yake mojawapo ni kunasa simu za namna hiyo zinazoingia. Vizuri. Lakini simu yangu mimi inatoka, na aliyeikabidhi kwa watu wa njia za panya ni kampuni iliyosajiliwa, yenye ofisi mjini, iliyonichukua alama za vidole kabla ya kuniuzia laini.

Ninachodai ni hivi. Sekunde zote nilizokatwa kabla ya mtu kupokea zirudishwe, na wasinipe "bonasi" ya kupiga ndani ya mtandao usiku wa manane. Namba yangu ionekane kama ilivyo. Na kama wanauza dakika za daraja la tatu, waandike bei ya daraja la tatu, kuna watu watanunua, hata mimi siku ya kumsalimia shangazi nitanunua. Siku ya kuhesabu mifuko nataka njia nzuri, nitalipa.

NYONGEZA: Mkuu hapo chini unasema nihamie WhatsApp. Nahamaje wakati nusu ya watu wangu kule wana vitochi, na mwenye simu kubwa hana bando? Halafu kwa nini mimi ndiye nihame?

NYONGEZA 2: Wanaouliza pa kushtaki: unaanza kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe, udai namba ya lalamiko, ukiona kimya ndiyo unapeleka TCRA. Ukienda TCRA bila hiyo namba unarudishwa mwanzo. Rekodi video ya kioo, sekunde zikitembea huku mlio unasikika na simu ya upande wa pili ionekane haijapokelewa. Jamaa yangu wa Kalemie ameshanirekodia ya kwake, ninayo.

Sasa nyie wa Ujiji, Kasulu, Kibondo, na wa Tabora wenye ndugu Bujumbura na Lubumbashi: pigeni simu moja nje, mwambieni wa upande wa pili asipokee, muangalie kioo. Wekeni hapa majibu, mtandao gani na nchi gani. Kwangu inaanza kuhesabu kwenye mlio wa pili.